Kabla Dirisha Halijafunguliwa: Kusajili Kozi Chuo Kikuu cha Texas, Austin

Hotuba kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaoanza shahada ya kwanza

Wazazi na walezi, shikamooni. Wadogo zetu mnaosubiri viza na mliokwisha kuipata, hamjambo.

Tumeombwa tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni kusajili kozi katika chuo chenye wanafunzi zaidi ya 50,000. Aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere amezoea kwamba ukishachaguliwa programu, sehemu kubwa ya kozi zako zimekwisha kupangwa na mwenzako wa programu hiyohiyo anakaa nawe darasani mwaka mzima. Austin haiko hivyo. Unakabidhiwa masharti ya shahada, halafu ratiba unajipangia mwenyewe: kozi gani, mkondo upi, siku zipi, kwa mwalimu yupi. Na viti vina hesabu. Kiti kikijaa kimejaa, hata kama kozi hiyo ni ya lazima kwako.

Basi tuseme mapema tunachotaka mtoke nacho hapa: usajili ni kazi ya wiki kadhaa inayomalizika kwa dakika kumi. Anayeifanya yote ndani ya zile dakika kumi ndiye mnayemsikia akilalamika kwamba kozi zote nzuri zimeisha.

Tuanze na vizuizi. Kwenye akaunti yako ya chuo kuna ukurasa unaoonyesha siku na saa yako ya kujisajili, na chini yake vizuizi ulivyo navyo. Mshauri wa masomo anaweza kukufungia mpaka mkutane naye, idara ya fedha mpaka deni liishe, kituo cha afya mpaka chanjo zithibitishwe, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa mpaka uwasilishe hati zako za kuingia nchini. Kimoja tu kinatosha kukuzuia. Na ofisi iliyokiweka ndiyo yenye uwezo wa kukiondoa, kwa hiyo usipoteze siku tatu ukimlilia mshauri wa masomo kuhusu chanjo.

Kwa watoto wa kwetu kizuizi kinachosumbua zaidi ni hicho cha chanjo, na ukiitazama kadi ya kliniki utaona kwa nini. Chuo kinataka dozi mbili za MMR, yaani surua, matumbwitumbwi na rubela. Tanzania ilianza kutoa MR mwaka 2014 na Kenya 2016, na MR ni surua na rubela tu, matumbwitumbwi hayamo. Wengi wenu mlizaliwa kabla ya hapo, mkachomwa surua peke yake mkiwa na miezi tisa. Marekani, dozi iliyotolewa kabla mtoto hajatimiza mwaka haihesabiwi. Ndiyo maana kadi iliyojaa mihuri inaweza kurudishwa kana kwamba ni tupu. Mzazi usikasirike, wala usidhani karani anaonea. Anasoma kanuni ya kwake. Tafuteni hospitali yenye MMR, mtoto achomwe mara mbili, na kati ya dozi hizo zipite siku 28 au zaidi. Mkilikumbuka jambo hili wiki ya safari, mmeshachelewa kwa mwezi mzima.

Juu ya hiyo kuna chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Hii ni sheria ya jimbo la Texas: mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22 lazima awe amechanjwa ndani ya miaka mitano iliyopita, na angalau siku kumi kabla ya masomo kuanza. Mwisho ni kipimo cha TB. Karibu nyote mna kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkononi, na BCG inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna ugonjwa. Omba cha damu, hicho hakidanganywi na BCG. Ukikubali cha ngozi kikavimba, utapelekwa kwenye eksirei ya kifua, na wenzako watakuwa wanachagua viti.

Sasa tujifunze kuisoma kozi. Namba ya kozi Austin inasema mambo mawili. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya saa za masomo, yaani uzito wa kozi unaohesabiwa kwenye shahada: M 408C, ambayo ni kalkulasi, ina saa nne, CH 301, kemia, ina saa tatu, PHY 105M, maabara ya fizikia, ina saa moja. Tarakimu mbili zinazofuata zinaonyesha ngazi. Kuanzia 01 hadi 19 ni ngazi ya chini, 20 hadi 79 ni ngazi ya juu, 80 na kuendelea ni ya uzamili. Kwa hiyo ukiona 08 kwenye M 408C, hiyo ni ya wanaoanza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayechagua kozi ya 360 kwa sababu jina lake limempendeza ajue amejipeleka kwa watu wa mwaka wa tatu.

Lakini mfumo wa usajili hausajili kwa jina la kozi. Unadai namba ya mkondo, yenye tarakimu tano. Mhadhara mmoja wa kalkulasi unaweza kuwa na namba kadhaa, mwalimu yuleyule, ukumbi uleule, na kinachotofautiana ni kipindi kidogo cha mazoezi pamoja na mwalimu msaidizi. Hapa ndipo wengi wanapojikosesha. Wanaona namba moja imejaa, wanadhani kozi imejaa, kumbe mkondo wa pili wa mhadhara huohuo bado una viti kwa sababu kipindi chake cha mazoezi ni asubuhi mno.

Siku zimeandikwa kwa kifupi. MWF ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na vipindi vyake ni vya dakika 50. TTH ni Jumanne na Alhamisi, dakika 75. Angalieni vizuri: T peke yake ni Jumanne, TH ni Alhamisi. Maabara iliyoandikwa TH, ukaiweka Jumanne kwenye daftari lako, itagongana na kitu ambacho hukukiona. Na ratiba ikisema 9:30 hiyo ni saa tatu na nusu asubuhi. Mnacheka, lakini kichwa kilichochoka na safari husoma tarakimu kama kilivyozoea nyumbani.

Kati ya kipindi na kipindi una dakika kumi hadi 15. Majengo ya uhandisi yako upande wa kaskazini, Mtaa wa Dean Keeton. Kumbi za jengo la mihadhara liitwalo UTC ziko kusini, Mtaa wa 21. Kutoka huku kwenda kule, kwenye jua la Agosti linalofika nyuzi 38, ni mwendo wa kuchapuka. Ukipanga vipindi viwili vinavyofuatana katika ncha hizo mbili, mfumo hautakukataza, kwa sababu unaangalia saa tu. Miguu ni yako.

Kila mkondo una hali yake: uko wazi, una orodha ya kusubiri, umefungwa, au uko wazi ila viti vimetengwa. Hii ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu. Maana yake viti vipo lakini vimehifadhiwa kwa wanafunzi wa fani fulani. Ukijaribu kuingia na wewe si wa fani hiyo, utakataliwa huku macho yako yakisoma kwamba uko wazi. Si hitilafu ya mtandao, usibofye mara ishirini.

Halafu masharti ya awali. Kozi nyingi zinataka umalize nyingine kabla, kwa alama ya C- au zaidi. M 408D huja baada ya M 408C. Na hiyo M 408C yenyewe inataka alama ya kutosha kwenye mtihani wa upimaji wa hesabu, unaofanywa mtandaoni. Wengi wanauacha mtihani huu kwa kuamini A ya Kidato cha Sita inatosha. Mfumo hauijui A hiyo. Unatafuta alama ya upimaji, isipokuwepo unakukataa. Fizikia ya wahandisi, PHY 303K, inaenda sambamba na kalkulasi, na inadai maabara yake, PHY 105M, uisajili muhula huohuo. Kwa hiyo kukosa mtihani mmoja wa hesabu mwezi wa Julai kunaweza kukunyima kozi tatu mwezi wa Agosti, na kozi hizo ndizo zinazofungua za muhula unaofuata. Kama kuna mahali pa kukaza macho katika yote tunayosema leo, ni hapa. Kozi ya historia ukiikosa utaichukua muhula mwingine wowote. Kozi iliyo mwanzo wa mnyororo ukiikosa, mnyororo mzima unasogea.

Basi jiandaeni hivi. Chukua karatasi. Kwa kila kozi unayoitaka andika namba tatu za mikondo, kwa mpangilio wa unavyoipenda. Kozi tano, namba 15. Kisha ongeza kozi mbili za akiba kabisa zinazohesabika kwenye masharti ya jumla ya jimbo. Texas inadai kila mwanafunzi wa chuo cha umma amalize saa 42 za kozi za msingi, zikiwemo saa sita za historia ya Marekani na saa sita za serikali ya Marekani na ya Texas. Hapo Austin hizo za serikali ni GOV 310L na GOV 312L. Kozi hizi utazichukua tu, upende usipende, kwa hiyo ni akiba salama: ukikosa ulichokitaka, saa zako hazipotei.

Wanafunzi wapya hujisajili wakati wa mafunzo ya ukaribisho, na wanaoendelea hupangiwa saa kwa kuangalia ni asilimia ngapi ya shahada wameshaimaliza, anayekaribia kuhitimu akiingia kwanza. Kama utajisajili ukiwa bado nyumbani, hesabu saa vizuri. Kiangazi Austin iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa nane. Baada ya wao kurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti ni saa tisa. Dirisha linalofunguliwa saa nne asubuhi ya Austin mwezi wa Julai ni saa kumi na mbili jioni kwetu, wakati ambao mitaa mingine umeme una desturi zake. Kuweni na data kwenye simu, betri imejaa.

Na hiyo simu isibadilishwe ovyo. Kuingia kwenye akaunti kunahitaji uthibitisho wa pili kupitia programu ya Duo. Ukinunua simu mpya uwanja wa ndege, programu hiyo haihamii yenyewe. Lazima uiunganishe upya. Fanya hivyo ungali na ile ya zamani mkononi.

Dirisha likifunguka, usianze na kozi unayoipenda. Anza na yenye mikondo michache na iliyo mwanzo wa mnyororo, pamoja na maabara yake. Zinazofundishwa na walimu kumi ziache mwisho. Ukigongana na namba iliyojaa, shuka kwenye namba ya pili ya karatasi yako papo hapo, usisimame kujiuliza. Ukishapata ratiba yoyote inayofikisha saa zinazotakiwa, hapo ndipo unapoanza kuiboresha. Na unapoboresha, usiachie kozi uliyonayo kabla hujaikamata nyingine. Mfumo una njia ya kubadilishana: unaipa namba unayoiacha na unayoitaka, kama inayotakiwa haina nafasi basi ya zamani inabaki kwako. Anayeacha kwanza halafu akatafuta, kiti chake kinachukuliwa na mtu mwingine kabla hajamaliza kuandika tarakimu tano.

Orodha ya kusubiri inafanya kazi yenyewe. Nafasi ikipatikana unaingizwa bila kuulizwa, mradi hakuna kinachokuzuia. Na kinachozuia mara nyingi ni mgongano wa saa: umeshika kozi nyingine muda uleule, kwa hiyo zamu yako inafika, mfumo unakuruka na kumchukua anayefuata. Ndiyo sababu unapojiandikisha kwenye orodha unaweza kutaja kozi ya kuachwa endapo nafasi itapatikana. Itaje. Jiangalie pia usije ukasubiri kozi tano na kushika mbili. Orodha ya kusubiri haihesabiki kama saa za masomo.

Tumefika kwenye saa, na hapa tunawaomba wazazi nao wasikilize, maana ni suala la fedha. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, lazima awe na saa 12 au zaidi kila muhula mrefu, yaani wa vuli na wa masika. Wengi wakisikia 12 wanachukua 12. Tupige hesabu. Shahada nyingi ni saa 120. Ukichukua 12 kwa mihula minane, miaka minne, umepata 96. Umebakiwa na saa 24, ambazo ni mihula miwili mingine. Sasa, ada ya Austin kwa mwanafunzi wa muda wote ni ya mkupuo: kuanzia saa 12 unalipa kiasi kilekile, uchukue 12 au 15 au 17. Anayechukua 12 analipa bei ya mtu wa 15 na kuondoka na pungufu, halafu analipa mwaka wa tano kwa bei ya mgeni kutoka nje ya jimbo. Saa 15 ndiyo hesabu inayomaliza kwa miaka minne. Muhula wa kwanza tungeshauri 14 au 15, usizidi. Kupita 17 kunahitaji ruhusa ya mkuu wa kitivo, na hatujui mwanafunzi mpya anayehitaji ruhusa hiyo.

Kuna sababu ya pili ya kutokaa kwenye 12 kamili. Ukiwa na 12 na kozi moja ikaenda vibaya, huwezi kuiacha bila kushuka chini ya kiwango cha viza. Ukiwa na 15 unayo nafasi ya kupumua. Na kozi za mtandaoni pia zina mpaka: katika zile 12, ni kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi saa tatu, inayohesabiwa kila muhula. Mkondo wa mtandaoni unavutia kwa sababu haugongani na chochote, ila ukichukua miwili ndani ya 12, kwa macho ya uhamiaji una saa tisa.

Kushuka chini ya 12 kunawezekana kwa ruhusa tu, na ruhusa hiyo hutoka kwa ofisa wa wanafunzi wa kimataifa. Mshauri wa masomo hana mamlaka nayo, wala mwalimu. Sababu zinazokubalika zinajulikana: muhula wa mwisho, ugonjwa wenye cheti cha daktari, au shida za mwanzoni kama lugha, mfumo mgeni wa ufundishaji, au kupangwa kwenye kozi isiyo ya ngazi yako. Hiyo ya shida za mwanzoni hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya shahada, na bado lazima ubaki na saa sita. Ruhusa itangulie, kuacha kozi kufuate. Ukigeuza mpangilio huo, siku uliyoacha kozi ndiyo siku uliyovunja masharti ya viza.

Mkishafika Marekani pia mkumbuke kuripoti kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ofisi hiyo inapaswa kukusajili kwenye mfumo wa serikali uitwao SEVIS ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuanza programu iliyo kwenye I-20 yako, ile fomu ya chuo uliyoombea viza. Wanaweza kufanya hivyo tu kama umejitambulisha kwao na una saa zako kamili.

Bili hutoka baada ya kusajili. Pesa inayotumwa kutoka benki za huku hupita benki ya katikati, na hiyo hukata chake. Ukituma kiasi kamili, kitafika pungufu, na pungufu la dola 20 linatosha kuacha deni linalozaa kizuizi. Ongezeni kidogo juu, na tumeni siku kadhaa kabla, kwa sababu bili isiyolipwa kwa wakati inaweza kukufutia usajili.

Masomo yakishaanza zipo tarehe mbili za kushika kichwani: siku ya 4 ya masomo na siku ya 12. Zinahesabiwa siku za masomo tu, bila wikendi wala sikukuu. Mwaka 2024 masomo yalianza Jumatatu, Agosti 26. Siku ya 4 ikawa Alhamisi, Agosti 29. Siku ya 12 ingekuwa Jumanne, lakini Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni sikukuu ya wafanyakazi, kwa hiyo ikasogea hadi Jumatano, Septemba 11. Mpaka siku ya 4 unaongeza na kubadilisha mwenyewe mtandaoni, na orodha za kusubiri zinafanya kazi. Baada ya hapo kila badiliko linahitaji sahihi za watu. Maana yake mnazo siku nne za kukaa darasani na kujua kama mwalimu mnamwelewa. Hudhurieni vipindi vyote tangu siku ya kwanza. Anayedhani wiki ya kwanza ni ya kusalimiana ameitupa nafasi yake yote.

Mpaka siku ya 12 ukiacha kozi haibaki alama yoyote kwenye rekodi. Ukiiacha baadaye, kwa idhini ya kitivo, inaandikwa Q. Q haishushi wastani wako, ila zina ukomo: kwa sheria ya Texas, aliyeanza chuo cha umma kuanzia muhula wa vuli wa 2007 anaruhusiwa kuacha kozi sita tu katika shahada yake yote ya kwanza. Aliyetumia nne mwaka wa kwanza ana mbili kwa miaka mitatu iliyobaki.

Jioni ya siku ya 12 fungua ratiba yako rasmi. Hatusemi ukurasa wa kozi unakopakua nukuu za mwalimu, tunasema ratiba ya msajili. Linganisha kila namba ya tarakimu tano na darasa unalohudhuria, kisha ihifadhi nakala yake. Mtu anaweza kukaa ukumbini miezi mitatu katika mkondo ambao si wake na mwalimu asijue, ukumbi una watu mia tatu. Alama zitakapotoka Desemba, zitatoka kwa majina yaliyo kwenye orodha.

Asanteni. Tunaanza na maswali ya wazazi kuhusu bili.